Mwenda Pole na Walio Nyuma Yake

Kila mtu asafiriye asubuhi kutoka makutano ya Kyumvi kwenda mjini Machakos ameonja uchungu nitakaoueleza hapa. Umetoka nyumbani mapema, umekunywa chai yako, wala huna haja ya kukimbia. Mara, baada ya kuiacha barabara kuu ya Mombasa, unazikuta motokaa kumi na mbili zimefuatana kama siafu, na mbele ya zote iko moja iendayo mwendo wa mtu apelekaye ng'ombe mnadani. Barabara ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kwa mkono wa kuume yaja malori ya mchanga yakielekea Nairobi, moja baada ya jingine. Hakuna pa kupita. Unatazama saa, unatazama mbele, unatazama saa tena. Aliye nyuma yako anapiga honi, kana kwamba wewe ndiwe uliyeifunga njia.

Mimi ni karani wa serikali, na kazi yetu huanza saa mbili kamili. Nimeipita njia hii kwa miaka sita, kwanza kwa matatu, na sasa kwa motokaa kuukuu niliyoinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika. Kwa hiyo nayasema haya kama mtu aliyekuwa nyuma, na ambaye siku nyingine huwa mbele.

Ukimwuliza mwenda pole kwa nini anawachelewesha wenzake, atakujibu kwa methali: mwenda pole hajikwai. Methali hiyo ni njema. Lakini nadhani aliyeitunga kwanza alikuwa akitembea kwa miguu katika njia ya shamba, na nyuma yake hapakuwa na basi lenye watu sitini.

Yafaa tuwatenge waendao pole, maana si wote wenye hatia. Lori lililojaa mchanga haliwezi kupanda mlima kwa kasi. Mchanga huo huchimbwa katika mito yetu ya Ukambani, na nyumba nyingi za ghorofa zilizoko Nairobi zimejengwa kwa mchanga wa kwetu. Dereva wa lori hilo ameweka gia ya chini kabisa, injini inanguruma, moshi unatoka, na hata umpigie honi mpaka jioni hataweza kuongeza kitu. Huyo hana kosa. (Akirudi akiwa mtupu, hiyo ni habari nyingine, hapo hukimbia kana kwamba anafukuzwa na nyuki.) Tena wengi wa madereva hawa wa zamani wana adabu ambayo wenye motokaa ndogo hawana. Hukaa karibu sana na ukingo wa kushoto, na wakiona mbele ni peupe huwasha taa ya kushoto kukuambia upite. Wakiona hatari huwasha ya kulia kukuambia ungoje. Hakuna sheria iliyoagiza desturi hii. Ni mapatano ya wasafiri tu. Hata hivyo, msomaji, usiitegemee taa hiyo peke yake, kwa maana huenda mwenyewe anataka tu kukunja kona. Tazama kwa macho yako.

Wenye hatia ni wengine. Yuko dereva wa matatu ambaye gari lake halijajaa, naye huenda polepole akichungulia kila kijia ili aone kama yuko mtu anayefunga mlango wa nyumba yake kuja kusafiri. Akimwona husimama papo hapo, katikati ya lami, ingawa kituo kiko hatua thelathini mbele. Yuko bwana mwenye simu mkononi, anayesoma ujumbe huku motokaa ikitambaa na kuyumba. Na yuko yule wa barabara pana. Tangu barabara ilipopanuliwa kutoka Athi River hadi makutano ya Machakos, kuna njia mbili kila upande, na kila mwenye leseni alifundishwa kwamba aende kwa njia ya kushoto na kuitumia ya kulia kwa kupita wengine. Lakini bwana huyu hushika njia ya kulia tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wa arubaini, kana kwamba ni shamba alilorithi kwa babu yake. Watu wakichoka humpita kwa kushoto, jambo ambalo ni hatari, naye hushangaa kwamba watu wa siku hizi hawana heshima.

Aliye mbaya kuliko wote, kwa kadiri nionavyo mimi, ni yule aendaye pole mpaka ujaribu kumpita. Ukishaingia upande wa kulia na kukaribia bega lake, naye hukanyaga mafuta. Sijui ni kiburi gani hicho. Hataki kwenda, wala hataki mwingine aende.

Mji wetu una sababu ya pekee ya kuyafikiri mambo ya barabara. Machakos ilikuwa kituo cha serikali kabla Nairobi haijawa mji. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilikuwa imepita kando yetu, na makao ya utawala yakahamishwa huko huko mwaka ule ule. Tangu hapo kila kitu chetu, kuanzia maembe na mchanga hadi wagonjwa na watoto wa shule, kimesafiri kwa barabara. Hata jina la Mlolongo, mji ule mdogo kabla ya kufika Athi River utokapo Nairobi, watu husema lilitokana na msururu wa malori yaliyongoja kupimwa uzito. Reli mpya ilianza kubeba shehena kutoka Mombasa mwaka 1918 ukiongeza miaka mia, yaani mwaka 2018, lakini malori ungali ukiyaona.

Sasa nataka kufanya hesabu kidogo, maana hasira haijui hesabu. Chukua lori lenye trela liendalo kilometa 40 kwa saa, nawe unakwenda 80. Ili ulipite, ukihesabu urefu wake na nafasi ya kuacha mbele na nyuma, wahitaji kulizidi kwa meta 66 hivi. Hiyo ni kazi ya sekunde sita. Katika sekunde hizo wewe umekwenda meta 133, na ajaye mbele yako, naye akienda 80, amekwenda meta 133 vilevile. Basi kabla hujaanza yafaa uone karibu meta 270 za barabara tupu. Hilo linawezekana mahali pengi.

Lakini chukua matatu. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2003 na marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zikaanza kutumika mwaka 2004, magari ya abiria na malori makubwa hufungwa kidhibiti mwendo ili yasizidi kilometa 80 kwa saa. Kanuni hizo zilikuwa njema, nami nakumbuka jinsi wasafiri walivyofurahi kukaa kila mtu kitini pake na kufunga mkanda. Basi matatu iendayo 80 inataka kulipita lori liendalo 70. Inalizidi kwa kilometa 10 tu kwa saa. Zile meta 66 zitachukua sekunde 24. Katika muda huo matatu itakwenda zaidi ya nusu kilometa katika upande usio wake, na ajaye mbele atakwenda nusu kilometa nyingine. Yaani dereva ahitaji kuona kilometa nzima iliyo wazi, na zaidi. Kutoka Salama hadi Sultan Hamud, kwenye vilima na kona, ni wapi utakapoiona kilometa nzima? Naye kwa kupita hivyo atakuwa ameokoa nini? Kwa safari ya kilometa 20, aendaye 80 humtangulia aendaye 70 kwa dakika mbili na kidogo.

Najua hesabu hizi sasa. Mwaka jana sikuzijua, au nilizijua nikazisahau.

Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati ukungu wa Machakos ushukapo kutoka milimani mpaka ukashindwa kuona hata mti ulio mbele ya mlango wako. Tulikuwa tumekaribia Katumani, pale kwenye kituo cha utafiti kilichotupatia mahindi yale yakomaayo upesi yanayoitwa kwa jina la mahali hapo. Mbele yangu ilikuwako pikapu ya kale, imebeba matangi ya maji, ikienda kilometa thelathini kwa saa. Nilikuwa nimeifuata tangu Kyumvi. Niliwasha taa kubwa, nikapiga honi, nikasema peke yangu maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Mwishowe nikatoka upande wa kulia, ukungu ule ule ukiwa mbele yangu kama pazia.

Pikipiki ilitokea ghafula. Ilikuwa bodaboda iliyombeba mtoto wa shule. Yule kijana alikuwa na akili kuliko mimi. Alikata kushoto kwake, akaingia kwenye kokoto za kando, wakaanguka wote wawili. Mimi nilirudi upande wangu nikasimama, magoti yakinitetemeka hata sikuweza kufungua mlango mara moja.

Kwa neema ya Mungu kijana hakuumia. Mtoto alichubuka goti, sare yake ikapasuka, na daftari zake zikatawanyika katika umande. Nilipofika nilimkuta mwenye pikapu amekwisha kushuka. Alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, amevaa koti la sufu. Alikuwa akimwosha mtoto goti kwa maji ya tangi lake, akimbembeleza kwa Kikamba. Hakunipigia kelele. Alipomaliza alinitazama akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa ukienda wapi?"

"Kazini, mzee."

"Kazi yenu yaanza saa ngapi?"

"Saa mbili."

Akatazama saa yake, akanionyesha. Ilikuwa saa moja na robo. Toka pale hadi ofisini, hata kwa mwendo wa pikapu yake, ningalifika kabla ya saa mbili na kupata nafasi ya kunywa chai ya pili. Sikuwa nimechelewa hata kidogo. Nilikuwa nimekasirika tu.

Nilimwomba radhi, nikamwomba radhi na yule kijana, ambaye alinijibu, "Ndugu, mshukuru Mungu kwamba sikuwa na mwendo," akainama kutazama usukani wake uliopinda. Kisha mzee akasema neno ambalo sikulitazamia. "Hata mimi nina kosa. Macho yangu hayaoni vizuri katika ukungu, kwa hiyo huenda pole. Lakini nilikuona nyuma yangu tangu kule, wewe na wengine. Tulipita vituo viwili vya matatu. Ningaliweza kukaa kando mkapita." Nilimpeleka mtoto zahanati, nikalipa sare na usukani, na mama yake aliponiona hakusema neno lolote, jambo lililoniumiza kuliko matusi.

Tangu siku ile nimeyafikiri sana maneno ya mzee. Katika njia za miguu za vilima vya Iveti, mtu mwenye mzigo akisikia hatua za mtu aliye mwepesi nyuma yake, husogea kando bila kuambiwa, na yule apitaye husalimu na kuuliza habari. Hakuna aonaye kwamba amedharauliwa. Lakini mpe mtu yule yule usukani na kioo cha mbele, naye atahesabu kila apitaye kuwa amemtukana. Labda ni kwa sababu katika motokaa hatuonani nyuso. Labda pia ni kwa namna tulivyofundishwa. Wengi wetu tulifanyiwa mtihani kwa kusukuma kigari cha kuchezea juu ya ubao wenye mji mdogo uliochorwa, tukasema, "Natazama kioo, naonyesha taa, nakunja kulia." Katika ubao ule hapakuwa na mlima, wala ukungu, wala lori la mchanga. Wala hakuna aliyeniuliza: je, ukiona motokaa kumi na mbili nyuma yako, utafanya nini?

Kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote kati yao ni waendao kwa miguu. Hao hawakuwa katika msururu wowote. Hawakuwa na honi. Walikuwa kando ya barabara wakielekea sokoni au shuleni wakati wenye magari walipokuwa wakigombania nafasi. Serikali yaweza kuongeza njia za malori milimani, na askari waweza kuwashika wapitao kwenye kona, na yafaa wafanye hivyo. Lakini askari hawezi kukaa kila kilometa kumwambia mtu mzima, "Baba, sogea kidogo, una watu nyuma."

Nami bado hukasirika; nisidanganye. Juma lililopita nilikuwa nyuma ya lori la mchanga jioni, nikirudi nyumbani, na mwendo ulikuwa wa kobe. Nilihesabu motokaa nane nyuma yangu. Aliye nyuma kabisa alikuwa akipiga honi bila kukoma. Dereva wa lori aliwasha taa ya kulia, nikangoja. Likaja basi, likapita. Akawasha tena ya kulia, nikangoja tena, na yule wa honi akazidi. Tulipofika mahali palipo kituo kipana, lori likaingia kando taratibu, likasimama kabisa, na mkono mrefu mweusi kwa vumbi ukatoka dirishani ukitupungia sote tisa tupite. Nilipiga honi mara moja, fupi, naye akanijibu kwa yake.