Kauri kwenye Kofia ya Mchungaji

Kilichonisimamisha kwanza katika soko la Nowy Targ hakikuwa jibini wala ngozi za kondoo. Ilikuwa kofia. Mzee mmoja alikuwa ameinamia kreti la vitunguu, na kofia yake nyeusi ya sufu ilikuwa imezungushiwa ukanda mwekundu wa ngozi, na kwenye ukanda huo zimeshonewa kauri, moja baada ya nyingine, nyeupe pe.

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo. Kauri tulikuwa tukiziokota maji yakipwa, tukazichezea kete hadi magharibi. Nowy Targ iko kusini kabisa mwa Poland, karibu na mpaka wa Slovakia. Bahari ya nchi ile ni Baltiki, mamia ya kilomita kaskazini, na ni bahari ya baridi isiyozaa kauri. Kauri ni za bahari za joto kama yetu. Zimefikaje kwenye kofia ya mchungaji wa kondoo?

Nilimwuliza kijana wa nyumba niliyofikia, aliyewahi kufanya kazi Chicago na ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Akanijibu kwamba wao huziita kostki, na kwamba ni zao tangu mababu. Nilipomwambia kuwa zimetoka bahari ya mbali hakushangaa wala hakubisha. Alisema tu, "Ndiyo. Na ni zetu." Siku ile niliona jibu hilo halijakamilika. Nilipomaliza juma moja pale niliona limekamilika.

Jina Nowy Targ maana yake ni Soko Jipya, ingawa upya wenyewe ni wa zamani: Mfalme Kazimierz Mkuu aliupa mji huu hati yake mwaka 1346. Leo una watu kama 33,000, na soko bado hufanyika Alhamisi na Jumamosi. Mto Dunajec Mweupe na Dunajec Mweusi hukutana hapo. Ukitazama kusini, milima ya Tatra imesimama kama ukuta. Kilele cha juu kabisa upande wa Poland, Rysy, kina mita 2,499, ambazo hazifiki hata nusu ya Kilimanjaro. Lakini urefu si kila kitu. Tatra haipandi polepole. Inachomoza ghafla kutoka bondeni, mawe matupu, na theluji huwahi kuangukia vilele vyake kabla viazi havijaisha kuvunwa bondeni.

Nchi hii inaitwa Podhale, yaani chini ya malisho ya milimani. Watu wake ni Górale, watu wa mlima. Wana lafudhi yao ya Kipoland, nyimbo zao, na neno wanalolipenda kuliko mengine yote, ślebioda, uhuru. Si neno la mapambo. Mwaka 1846 wanakijiji wa Chochołów, jirani tu na mji huu, walishika silaha dhidi ya utawala wa Austria. Uasi ulidumu siku chache ukazimwa, na watu hawa huusimulia kama jambo la juzi.

Ili kuwaelewa Górale inabidi upande malishoni. Nilipandishwa mwishoni mwa Septemba, msimu ukiwa ukingoni. Kibanda cha wachungaji, bacówka, ni cha magogo na hakina dohani. Moshi hujitafutia njia kwenye nyufa za paa. Ndani, juu ya sakafu ya udongo, kuna moto uitwao watra. Ukishawashwa mwanzoni mwa msimu hauruhusiwi kuzimika mpaka kondoo warudi kwao. Usiku mtu akiamka hachungulii mlangoni kwanza, hutazama moto.

Mkuu wa kibanda ni baca, na wasaidizi wake ni juhas. Kondoo wengi anaowachunga si wake. Amekabidhiwa na wenye mashamba, kumi wa huyu, thelathini wa yule, kila mmoja na alama yake. Kwa miezi mitano baca anawajibika kwa kila mguu na kila pembe, na mwenye kondoo hupata fungu lake la jibini kulingana na idadi aliyotoa. Sisi tuna neno la jambo hilo: amana. Zamani iliaminika pia kuwa baca ana dawa na anajua maneno ya kuzuia jicho baya, na hilo halinishangazi, kwa kuwa mtu anayekabidhiwa mali ya kijiji kizima ni lazima aogopwe kidogo.

Kondoo hupitishwa mmoja mmoja kwenye mwanya wa ua, na hapo juhas amekaa kwenye kigoda anakamua. Maziwa humwagwa kwenye chombo kikubwa, yakatiwa dawa ya kugandisha itokayo tumboni mwa ndama. Yakishaganda hukatwakatwa, na baca huingiza mikono akakusanya donge na kulikamua, akilichovya kwenye maji ya moto na kulifinyanga tena na tena. Nilimtazama akifanya kazi hiyo karibu saa nzima bila kusema neno, viganja vimewiva kwa joto. Donge hutiwa katika kibao cha mti kilichochongwa nakshi, likatoka limenenepa katikati na kuchongoka ncha zote mbili, na mshipi wa maua kiunoni. Kisha hulala katika maji ya chumvi, halafu hupandishwa darini pale moshi unapopita, likae siku kadhaa mpaka ligeuke rangi ya asali. Hilo ndilo oscypek. Maji yanayobaki baada ya maziwa kuganda, żentyca, hayamwagwi. Hunywewa yakiwa vuguvugu kwa kikombe cha mti. Nilikunywa viwili.

Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliandika sheria ya oscypek: maziwa ya kondoo yasipungue asilimia 60, na yale ya ng'ombe, yakitiwa, yawe ya ng'ombe mwekundu wa Poland; uzito kati ya gramu 600 na 800; litengenezwe kuanzia Mei hadi Septemba tu. Pembezoni mwa barabara ya kwenda mji wa Zakopane utauziwa vitu vinavyofanana nalo hata mwezi Februari, vingi vya maziwa ya ng'ombe mtupu, vimechomwa juu ya mkaa na kupakwa jamu ya matunda ya msituni. Vinalika. Lakini kuviita oscypek ni kumwibia yule baca mwenye viganja vyekundu, na nasema hivyo kwa hasira, kwa sababu nimeona saa zake zinavyokwenda.

Sasa turudi kwenye jibu la yule kijana. Ufugaji huu wenyewe haukuota Podhale. Ulikuja na wafugaji wa Kivlachi waliosogea na mifugo yao kutoka Balkani, wakifuata mgongo wa milima ya Karpati, karne kadhaa zilizopita. Jibini laini la kondoo huitwa bryndza, na Mromania akilisikia jina hilo atalitambua, maana kwao jibini ni brânză. Suruali nyeupe za sufu wanazovaa wanaume Jumapili zina darizi mbele, kwenye mapaja, yenye umbo la moyo, iitwayo parzenica. Ilianza kama uzi wa kuimarisha mpasuo usichanike. Baadaye ikachukua mapambo ya sare za askari wa Hungaria, na mafundi wa Podhale wakaongeza rangi hadi ikawa ua. Hata jambazi wanayemsifu, Janosik, alizaliwa na kunyongwa upande wa pili wa mlima, katika nchi ambayo leo ni Slovakia.

Basi kauri si ajabu ya pekee. Karibu kila kitu pale kimesafiri. Kinachokifanya kiwe cha Górale ni kazi waliyokifanyia, na ukali wa masharti waliyojiwekea. Moto usizimike. Nakshi ya kibao isiigwe na jirani. Mtu asivae parzenica kwenda kuvuna viazi. Mwaka 1954 Tatra ilipofanywa hifadhi ya taifa, malisho yalianza kufungwa, na kondoo wengi walihamishiwa milima ya mbali mashariki. Majani yalirefuka, maua ya malishoni yakapungua, na vibanda vikaanza kuoza. Kuanzia 1981 sehemu ya malisho ilifunguliwa tena kwa ufugaji wa kimila, na kondoo wakarudi wakakuta watu ambao bado wanajua kukamua na kuvukiza. Kama ujuzi ule ungekuwa wa maonyesho tu, miaka ile ingetosha kuuua.

Asubuhi moja niliamka na upepo. Wanauita halny, huvuka Tatra kutoka kusini ukiwa wa joto, na huvuma kwa fujo. Misonobari huanguka, watu huumwa vichwa, na mama mwenye nyumba aliniambia siku kama hiyo mtu asinunue ng'ombe wala asigombane na mumewe. Nililala tena.

Dini imeshikamana na kondoo kama nyama na mfupa. Ludźmierz, kijiji kilicho karibu na mji, kina sanamu ya Bikira Maria ambayo Górale huiita Gaździna ya Podhale. Gazda ni mwenye nyumba na shamba, gaździna ni mama wa nyumba hiyo. Hawakumwita malkia tu, walimwita mama mwenye nyumba. Kila Aprili mabaca hukusanyika hapo kabla ya kupanda, wakabarikiwa, wakaondoka na maji na vijiti vya kuwashia ule moto usiozimika. Mwaka 1963 sanamu ilipovishwa taji, fimbo ya kifalme ilimponyoka Bikira mkononi wakati wa maandamano, na askofu kijana wa Kraków akaidaka kabla haijafika chini. Alikuwa Karol Wojtyła. Mwaka 1978 akawa Papa Yohane Paulo wa Pili, na tarehe 8 Juni 1979 alisoma misa kwenye uwanja wa ndege wa Nowy Targ. Fimbo ile Górale hawajaacha kuisimulia.

Kwa salamu nilikuwa nyumbani. Wazee vijijini huingia kwa kumsifu Yesu Kristo, na mwenyeji hujibu hata milele na milele, amina. Ni salamu ileile ya Wakatoliki wetu, "Tumsifu Yesu Kristo." Mara ya kwanza nilijibu kwa Kiswahili kabla sijajua ninachofanya, na nyumba nzima ikaelewa. Vilevile hawamwiti mgeni "wewe". Humwita Pan akiwa mwanamume, Pani akiwa mwanamke, hadi yeye mwenyewe alegeze.

Chochołów nilikwenda kwa basi. Barabara inapita katikati ya nyumba za magogo, zimekaa bega kwa bega, upana wa ukuta ukimuonyesha mtu upana wa mti. Mojawapo, ya mwaka 1889, inasemekana imejengwa kwa msonobari mmoja tu. Magogo hayapakwi rangi. Kabla ya Pasaka wanawake huyasugua kwa maji na sabuni, kijiji kizima, mpaka mti ung'ae kama umekatwa jana. Nyumba ya kale ina ukumbi katikati na vyumba viwili: cheusi, ambamo watu waliishi, wakapika na kulala katika moshi wa jiko, na cheupe, chenye picha za watakatifu zilizochorwa nyuma ya kioo, kilichotunzwa kwa ajili ya sikukuu na wageni. Darini hupita boriti moja nene iliyochongwa ua la petali sita na mwaka wa kujengwa.

Mimi nililazwa katika chumba kama hicho cheupe. Chakula cha jioni kilikuwa kwaśnica, supu ya kabichi iliyochachushwa na mbavu za nguruwe, pamoja na moskol, mkate bapa wa viazi uliookwa juu ya bamba la jiko. Mama mwenye nyumba alinieleza mkesha wa Krismasi: nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza, mkate mwembamba kama wa komunyo ambao kila mmoja humegea mwenzake akimtakia heri, vyakula kumi na viwili visivyo na nyama, na sahani moja ya ziada mbele ya kiti kitupu. Kiti hicho ni cha mgeni asiyetarajiwa. "Akibisha hodi, anakaa," alisema. "Hatumwulizi kwanza."

Ndipo nikamweleza juu ya Tengeru. Kuanzia mwaka 1942 Wapoland walioondolewa makwao na utawala wa Kisovieti na kupelekwa Siberia, wengi wakiwa wanawake na watoto, walipitia Iran wakafika Tanganyika. Kambi ya Tengeru, chini ya Mlima Meru, ilipokea kama watu 5,000, na walikaa huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wengi walikuwa wa mashariki mwa nchi, si Górale. Hata hivyo mama alinyamaza muda mrefu. Kwao tarehe 1 Novemba kila kaburi huwashiwa mshumaa, hata la mtu ambaye hana ndugu aliyebaki, na usiku huo makaburi yote ya Podhale huwaka kama mji. Aliniuliza jambo moja tu: je, waliozikwa kule kwenu yuko anayewawashia?

Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, na majina yaliyoandikwa juu yake ni ya Kipoland. Msomaji uliye Arusha, Novemba ikifika, pita na mshumaa.