Kwa nini ekstensheni huungua na fyuzi ipo

Wanafunzi wengi wa sekondari wanaijua Kanuni ya Ohm kwa pembetatu: V (volti) juu, I (mkondo) na R (ukinzani) chini, funika unachokitafuta upate jibu. Kwenye mtihani inatosha. Muulize mwanafunzi huyohuyo kwa nini ekstensheni yenye pasi na birika la umeme hupata moto, pembetatu inamwacha solemba, kwa sababu haimwambii kipi hakibadiliki.

Georg Simon Ohm mwenyewe alianzia hapo. Alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne, Ujerumani, na betri za enzi zile zilimsumbua kwa kuyumbayumba. Mwaka 1826 akaziacha, akaunganisha metali mbili, bismathi na shaba, kiungio kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka na cha pili kwenye barafu. Hapo akapata volti ndogo lakini tulivu, akawa anabadilisha urefu wa waya na kupima mkondo. Kitabu chake chenye kanuni hiyo kilitoka 1827.

Nyumbani kazi hiyo tumeshafanyiwa: volti zinakaa karibu na 230. Ampea zinaamuliwa na ukinzani wa kifaa ulichochomeka. Pasi ya wati 1,000 ina omu 53 hivi. Gawa 230 kwa 53, inavuta ampea 4.3. Birika la wati 2,000 lina omu 26.5, linavuta ampea 8.7.

Ukivichomeka vyote kwenye ekstensheni moja, mwanafunzi mwenye haraka atajumlisha omu, apate karibu 80, aseme mkondo umepungua. Ingekuwa kweli kama vingeungwa kwa mfuatano. Matundu ya ekstensheni yameungwa sambamba: kila kifaa kina njia yake na kinapata volti 230 kamili. Kuongeza kifaa ni kuongeza njia, hivyo ukinzani wa jumla unashuka mpaka omu 17.7 na mkondo unapanda mpaka ampea 13. Hapo fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi imefika ukomo wake, ila haijavuka, na haitakatika.

Ampea zote hizo zinapita kwenye waya wa ekstensheni, ambao nao una ukinzani. Waya wa mita 5, wenye shaba ya milimita za mraba 0.75, ukihesabu kwenda na kurudi una omu 0.23 hivi. Joto ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 13 × 13 × 0.23, yaani wati 39. Zikisambaa mita zote tano, waya unapata joto lakini halikusanyiki mahali pamoja, mradi hukuuviringa wala kuufunika kwa zulia.

Balaa liko kwenye tundu lililolegea. Pini ikigusa kwa shida, mguso huo pekee unaweza kuwa na omu 0.2. Zidisha tena: wati 34, safari hii mahali padogo kuliko ukucha. Huo ni moto wa pasi ya kulehemu ya fundi redio, umewekwa ndani ya plastiki! Shaba inababuka, mguso unazidi kuwa mbovu, omu zinaongezeka na joto nalo linaongezeka.

Na fyuzi? Yenyewe inajua mkondo tu. Ukiongeza omu 0.2 juu ya 17.7, mkondo unapungua kidogo sana, kwa hiyo kwa upande wa fyuzi mambo ni shwari wakati soketi inaungua. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema, "Fyuzi haijakatika, basi hakuna tatizo."

Birika lichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Likishachemka, zima swichi, chomoa plagi, kisha iguse upande wa plastiki. Ikiwa ya moto, au tundu limegeuka rangi ya kahawia, usiitumie tena soketi hiyo mpaka fundi aibadilishe.