Tundu ni bei rahisi, kupona ndiko kunakokula pesa

Anayekutoga hukutajia bei ya siku moja. Wewe piga hesabu ya miezi. Ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, hupona kwa wiki 6 hadi 8. Pua huchukua miezi 4 hadi 6. Sehemu ngumu ya juu ya sikio na kitovu huenda miezi 6 hadi mwaka mzima. Muda wote huo unaosha mara mbili kwa siku, katika joto na vumbi la Turkana. Kama mfuko ni mwepesi, toga ndewe. Hizo nyingine zisubiri.

Mahali pa kutobana pesa ni hereni ya kwanza. Titani ya daraja la kupandikizwa mwilini ndiyo bora, lakini huenda ukalazimika kuiagiza kutoka mbali. Dhahabu ya karati 14 au 18 ni salama kama ni dhahabu kweli, si rangi ya juu juu. Chuma cha pua ni chaguo la kati: kina nikeli, ila imeshikwa vizuri ndani na wengi hawapati shida.

Zile hereni zinazong'aa, jozi kumi kwenye kadi moja, achana nazo kwa sasa. Jasho huvuta nikeli kutoka kwenye chuma cha hereni hizo, na Lodwar jasho halikosekani. Sikio litawasha na kutoa maji, utadhani ni viini, utanunua dawa isiyohusika. Muuzaji akikuonyesha kwamba sumaku haishiki, usishawishike: hata shaba haishiki. Bangili za shaba ni za mkono, si za kidonda kibichi.

Kabla ya kulipa, uliza kama bei ni pamoja na hereni, na kama sindano ni mpya na itafunguliwa mbele yako. Bunduki ya kutogea ni ya haraka, lakini zile za plastiki haziwezi kuchemshwa kwa mvuke zikawa safi kabisa, na kwenye sehemu ngumu ya sikio huponda. Kwa hiyo sindano, hata kama wanaongeza kitu. Uliza pia urefu wa kijiti: cha kwanza huwa kirefu kwa sababu ya uvimbe, na baadaye utanunua kifupi. Hiyo ni gharama ambayo hutajiwi mapema.

Sasa kuosha. Chaguo la kwanza ni maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu. Soma chupa: iandikwe sodium chloride 0.9%. Dripu ya glukosi hufanana nayo, na sukari kwenye kidonda ni karamu ya viini. Vichupa vidogo vya maji ya kuchanganyia dawa za sindano navyo havina chumvi kabisa. Ubaya wa chupa ya mililita 500 ni kwamba ikishafunguliwa haikai zaidi ya siku moja, na wewe unahitaji vijiko vichache tu. Kama duka la dawa lina vichupa vya mililita 10 vya maji hayo ya chumvi, nunua hivyo, au togeni ndugu wawili watatu siku moja mgawane chupa.

Chaguo la pili ni la jikoni: robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Pakiti ya nusu kilo inatoa vikombe zaidi ya 300, kwa hiyo chumvi si gharama. Makaa na mtungi wa maji ndiyo gharama. Usizidishe, chumvi nyingi hukausha na kuchoma. Ikikuwasha, tumia maji yaliyochemshwa peke yake. Magadi si chumvi, na maji ya Ziwa Turkana si dawa.

Spiriti, ile dawa inayotoa povu, ile inayogeuka nyeupe ukiitia maji, dawa ya meno, majivu: usinunue, usipake. Vinaunguza nyama changa au kuichafua na kukuongezea wiki. Pamba nayo huacha nyuzi kwenye hereni. Shashi safi inatosha.

Ukiwa Kakuma na kitu kiko Lodwar, kilomita kama 120, jumlisha nauli ya kifurushi. Ukilipa kwa M-Pesa kwenye till ya duka, mnunuzi hakatwi, lakini kutoa pesa kwa wakala, iwe 200 au 1,000, ni shilingi 29.

Hatari nyingine hazina bei. Helmeti ya boda hukandamiza sikio. Hijabu na ushanga wa shingoni hunasa kijiti. Kuogelea mto Turkwel au kuoga kwenye visima vya mchanga vya mto Tarach, subiri upone.

Wekundu kidogo na maji meupe yanayokauka ni kawaida wiki za mwanzo. Sehemu ngumu ya sikio ikivimba, ikapata moto na kuuma hata ukiigusa kidogo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Amoksilini ya dukani mara nyingi haiui viini vinavyoshika hapo, na sikio linaweza kukunjamana milele. Usiitoe hereni mwenyewe, tundu litafunga usaha ukiwa ndani. Na uliza chanjo ya pepopunda ukiwa hapo hospitalini.