Si kila kisti inahitaji kisu

Hapa Gitega, wilayani Nyarugenge, karatasi ya ekografi husomwa na majirani watano kabla haijarudi kwa daktari. Mimi huletewa nyingi, kwa kuwa akina mama waliorudi kutoka Karagwe au Kampala hawakusoma Kifaransa. Neno linalowatisha ni kisti. Wakilisikia, wao husikia saratani.

Mfanyabiashara mmoja wa vitenge, anayevuka Rusumo kila wiki, alitaka kuuza mzigo wake kwa hasara ili akapasuliwe nje ya nchi. Kisti yake ilikuwa ya maji matupu, sentimita tatu.

Kila mwezi yai hukomaa ndani ya kifuko cha maji kwenye ovari. Kifuko kisipopasuka, au kikipasuka kisha kikajifunga tena, maji hubaki. Kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi, kisti za namna hii aghalabu huisha zenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu. Isiyozidi sentimita tano kwa kawaida huachwa. Kati ya tano na saba hufuatiliwa kwa ekografi nyingine, na ikizidi saba ndipo huanza mazungumzo ya vipimo zaidi au upasuaji.

Zipo pia zenye damu nzito, na nyingine hukutwa na mafuta, nywele, hata meno. (Waganga husema ni mkono wa mtu. Ni chembe za mwili tu zilizokua mahali pasipo pake.) Hizo kwa kawaida haziyeyuki. Aliyekoma hedhi naye asingoje. Daktari humwongezea kipimo cha damu.

Kwenye mlango wa kizazi, tezi za ute zikiziba hutokea vijivimbe vyeupe au vya manjano, hasa baada ya kuzaa. Huitwa vya Naboth, kwa jina la tabibu Mjerumani wa zamani. Si saratani, na kwa kawaida havihitaji tiba. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi vya HPV. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2011. Sisi tuliopitwa na chanjo hiyo tumebaki na kupimwa. Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, nenda upimwe.

Kwa mwenye mzigo njiani: maumivu makali ya ghafla upande mmoja chini ya tumbo, pamoja na kutapika, huenda ni ovari iliyojisokota. Inaweza kufa kwa saa chache. Usimeze dawa ya maumivu ukapanda basi la usiku. Shuka, uingie hospitali ya karibu, iwe Kirehe au Ngara. Kizunguzungu na kuzimia ni vivyo hivyo, maana huenda damu inavujia ndani, au ni mimba iliyotunga nje ya kizazi.

Pasipo dharura, mwenye mutuweli aanzie kituo cha afya apate barua ya rufaa. Na picha ya kwanza msiitupe: daktari wa ekografi ya pili ataitaka ili alinganishe.