UMEME TULI: HATARI ISIYOONEKANA NDANI YA KOMPYUTA



Kila anayeishi Karatu anaijua ile milio midogo midogo, kama chumvi iliyomwagwa motoni, anapovua sweta usiku wa Julai. Gizani huonekana hata cheche. Huo ni umeme, wala haukutoka TANESCO. Umeutengeneza mwenyewe kwa msuguano wa nguo na mwili. Huitwa umeme tuli, kwa kuwa hautembei kwenye waya bali hujikusanya juu ya kitu mpaka upate njia ya kutokea.

Sisi wa huku tunao zaidi kuliko wenzetu wa Tanga na Unguja. Pwani hewa ina unyevu, nao huuvujisha umeme huo kidogo kidogo. Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ni adimu, kuanzia hapa mjini mpaka chini ndani ya kreta ya Ngorongoro. (Msitu wa ukingoni una afadhali kwa sababu ya ukungu.) Ongeza zulia la nailoni na kanzu au mtandio wa poliesta: mtu hutembea amebeba maelfu ya volti bila habari.

Mwili haudhuriki, kwani umeme huo ni kidogo na hupita mara moja. Kompyuta ndiyo yenye hasara. Binadamu huanza kuhisi mshtuko volti zikifika kama 3,000, lakini baadhi ya vipande vya kompyuta huharibika hata chini ya volti 100. Basi unaweza kuiua ramu usihisi kitu. Tena pengine haifi siku hiyo. Hujeruhiwa tu, kisha baada ya wiki kadhaa kompyuta ikaanza kujizima yenyewe, na lawama wakabebeshwa virusi.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kasha, izime na uchomoe waya ukutani. Sweta livuliwe kabla ya kazi, si katikati yake. Tumia meza ya mbao, usikae juu ya zulia. Gusa chuma kitupu cha kasha, pasipo na rangi, na urudie mara kwa mara, ili wewe na kompyuta muwe sawa na umeme usiwe na sababu ya kuruka. Ramu ishike kwenye kingo, usiguse meno yake ya dhahabu.

Wapo wanaoshauri waya uachwe umechomekwa ili umeme ushuke ardhini kupitia soketi. Lakini ni nani aliyeipima soketi yenu kama ina waya wa ardhi? Chomoa.

Na wazazi mtusaidie kwa hili: lile boksi la pawasaplai mtoto asilifungue kamwe. Hata likichomolewa, kapasita zake zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300, na hapo anayekufa si ramu. Likiharibika, libadilishwe zima.