Barafu ya matunda: baridi haisafishi maji



Wakati maembe yanaiva, yanaiva yote kwa mara moja. Leo unauza ndoo kwa wasafiri wa barabara ya Uvira–Bukavu, kesho jirani zako wote wamesimama hapo na ndoo zao, kesho kutwa maembe yanaanguka chini na mbuzi wanakula. Papai vilevile: likishaiva halingoji soko. Halafu kiangazi kinafika, kuanzia Juni hadi Septemba, jua la bonde la Ruzizi linachoma, watoto wako vakansi, na kila mtu anatafuta kitu cha baridi.

Wakoperative wengi wanatuuliza: tunaweza kutengeneza barafu ya matunda na kuiuza? Ndiyo, inawezekana. Kazi yenyewe si ngumu. Lakini kuna jambo moja la kuelewa kabla ya kununua hata kilo moja ya sukari.

Baridi inalaza vijidudu, haiviui

Watu wengi wanafikiri kitu kikishaganda kimekuwa safi. Si kweli. Kijidudu cha kolera (kipindupindu) kinaweza kukaa hai ndani ya barafu. Barafu ikiyeyuka mdomoni mwa mtoto, nacho kinaamka. Maji mabaya yakigandishwa yanabaki maji mabaya, tofauti ni kwamba sasa yana sukari na mtoto anayapenda.

Sisi wa eneo la Uvira tunaijua kolera. Haitoki kabisa huku kwetu, inarudi mara kwa mara, hasa fasi ambazo watu wanachota maji ya mto, ya ziwa au ya mfereji wa kumwagilia mashamba. Koperative ikiuza barafu mia moja sokoni Sange kwa siku, maji ya sufuria moja yanaingia kwenye matumbo ya watoto mia moja. Kwa hiyo kanuni yetu ni fupi: kila kitu kinachoingia ndani ya barafu kipite kwanza kwenye moto. Maji, sukari, rojo la matunda, ndimu, vyote.

Vitu vinavyohitajika kwa vipande 40

- Maembe yaliyoiva, karibu kilo 4. Ukishatoa maganda na kokwa utapata kama lita 2 za rojo.
- Maji, lita 1.
- Sukari, gramu 300.
- Ndimu 3.
- Vikombe vidogo 40 vya chuma au vya plastiki ngumu, vya kuingia mililita 80 hivi.
- Vijiti 40 vya mwanzi, vilivyochongwa vizuri visichome mdomo.

Embe lililochubuka wakati wa kuanguka linafaa, kata fasi iliyochubuka na utupe. Embe lenye ukungu au linalonuka kama pombe, hapana. Kulichemsha hakutarudisha ladha, na tunda moja bovu linaharibu sufuria nzima.

Namna ya kufanya

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama sabuni haipo, tumia majivu. Mtu mwenye kuhara asiguse kazi hii, hata kama anasema amepona jana.

2. Osha maembe yakiwa bado na maganda yake. Watu wengi wanaruka hatua hii wakisema ganda litatupwa. Lakini kisu kinapopita kwenye ganda chafu kinaingiza uchafu ndani ya nyama ya tunda.

3. Menya, kata, ponda. Kama huna mashine, kinu safi kinafanya kazi. Pitisha kwenye kichujio ili nyuzi zibaki nje.

4. Weka maji na sukari motoni mpaka sukari iyeyuke. Ongeza rojo na maji ya ndimu. Koroga mpaka yachemke na kutoa mapovu makubwa, acha yaendelee dakika 5 huku unakoroga yasishike chini.

5. Ondoa motoni, funika, acha ipoe. Ukiweka kitu cha moto ndani ya konjelateri unamaliza umeme bure, na unayeyusha vile vilivyoganda tayari.

6. Wakati inapoa, chemsha vijiti na vikombe dakika 10. Toa kwa kijiko kirefu, panga juu ya kitambaa safi, usipanguse kwa kitambaa cha jikoni.

7. Mimina, lakini usijaze mpaka juu. Maji yakiganda yanavimba, karibu sehemu moja ya kumi na moja zaidi. Acha nafasi ya kidole kimoja.

8. Gandisha. Baada ya saa mbili hivi, rojo likianza kushikana, simamisha kijiti katikati. Kisha acha usiku mzima.

Kutoa barafu kwenye kikombe, kizamishe kidogo ndani ya maji, kisha vuta kijiti. Hayo maji nayo yawe yaliyochemshwa, au yaliyowekwa dawa ya klorini na kungojwa nusu saa. Usifanye kazi yote hiyo kisha mwishoni ukazamisha kikombe kwenye bidoni ya maji ya mto.

Kwa nini kupima sukari?

Sukari si ya utamu peke yake. Inazuia maji kuganda yote kwa ugumu. Ukitia kidogo sana, unapata jiwe la kuvunja meno. Ukizidisha sana, haigandi, inabaki uji. Tena, ulimi wenye baridi hausikii utamu vizuri, kwa hiyo mchanganyiko ukiwa bado vuguvugu uwe mtamu kidogo kupita unavyopenda.

Kwa matunda mengine badilisha hivi:

- Papai: rojo lita 2, maji lita 1, sukari gramu 350, ndimu 4. Papai halina uchachu, ndimu ndiyo inaliamsha.
- Tikiti maji: juisi lita 2, sukari gramu 200, ndimu 2. Usiongeze maji, yamo tayari.
- Ndizi mbivu na maziwa: rojo lita 1, maziwa yaliyochemshwa lita 1, sukari gramu 100.

Angalizo kwa wenye ng'ombe: usichanganye maziwa na papai au nanasi ambalo halijapita motoni. Matunda hayo mawili yana nguvu ya kuvunja maziwa, na barafu inakuwa chungu.

Kama hatuna konjelateri

Kuna njia ya barafu na chumvi. Nunua barafu kwa mwenye konjelateri, ivunje, changanya kilo 3 za barafu na kilo 1 ya chumvi ndani ya ndoo. Chumvi inafanya barafu iyeyuke huku ikizidi baridi, inaweza kushuka hadi digrii 15 au zaidi chini ya sifuri. Simamisha vikombe ndani, funika ndoo kwa gunia, na baada ya saa moja hivi anza kuangalia.

Mambo mawili hapa. Ile barafu ya nje hatujui maji yake, kwa hiyo isiingie hata tone kwenye vikombe. Na maji ya chumvi yanayobaki usiyamwage shambani wala kwenye mfereji. Chumvi inaua udongo, na mpunga wa jirani hautakusamehe.

Kwa wenye konjelateri: umeme ukikatika, usifungue. Likiwa limejaa linaweza kushikilia baridi karibu siku mbili, likiwa nusu karibu siku moja, na kwa joto letu hesabu pungufu ya hapo. Fasi ikibaki wazi, jaza chupa za maji. Barafu iliyoyeyuka usiigandishe mara ya pili kwa kuuza.

Sashe, hapana

Najua wengi wamezoea barafu ya sashe. Kwanza, amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza sashe za plastiki za kufungia chakula, maji na vinywaji. Tunaziona bado sokoni, lakini koperative yenye karatasi zake haiwezi kujenga biashara juu ya kitu kilichokatazwa. Pili, mtoto anapasua pembe ya sashe kwa meno, na nje ya sashe imeguswa na mikono mingapi? Tatu, zinaishia kwenye mifereji yetu na kuziba maji ya mashamba. Kikombe kinarudi, kinaoshwa, kinachemshwa, kesho kinafanya kazi tena.

Sanduku la kubebea barafu liwe la barafu tu. Lile la samaki libaki la samaki.

Hesabu kwanza, furaha baadaye

Andika kwenye daftari matunda, sukari, makaa, umeme au mafuta ya jenereta, vijiti, na malipo ya anayeuza. Embe la shamba lako nalo lina bei: andika kile ambacho msafiri angekulipa barabarani. Kisha gawanya kwa vipande vilivyouzwa, si kwa vipande vilivyotengenezwa.

Mfano wa kujifunzia tu: gharama zote ni franka 8 000 na mmetengeneza vipande 40. Kila kimoja kimegharimu franka 200. Mkiuza vyote kwa franka 250, mnabaki na faida ya 2 000. Lakini 8 vikiyeyuka njiani, mmeuza 32, mmeingiza 8 000 kamili. Faida ni sifuri, na siku imekwisha. Kwa hiyo anzeni na sufuria moja, mwuze yote, ndipo muongeze.

Kabla ya kuanza, kwenye mkutano wenu chagueni watu wawili. Mmoja wa daftari, na mwingine wa maji. Huyu wa maji awe na haki ya kumwaga sufuria nzima kama hakuyaona yakichemka kwa macho yake, hata kama mwenyekiti amekasirika. Hasara ya sufuria moja ya maembe inalipika. Na mtu yeyote, mteja au mwanakoperative, akipata kuhara kwa maji maji, apewe maji ya ORS na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kungoja kesho.