Kiatu cha barafu si cha kukulia

Na MWANDISHI WETU

MZAZI wa mjini anapomnunulia mtoto viatu vya shule, aghalabu huchagua vinavyozidi kidogo. Kidole chake kikiingia kwa urahisi nyuma ya kisigino anaridhika, maana mtoto atavivaa hadi mwaka ujao. Kwa viatu vya shule hesabu hiyo haina hasara kubwa. Kwa viatu vya kuteleza juu ya barafu, vile vyenye chuma chembamba chini ya soli, hesabu iyo hiyo inaweza kumfikisha mtoto kwa daktari wa mifupa.

Huenda msomaji akauliza barafu ya kutelezea inatoka wapi katika nchi inayopitiwa na ikweta. Jibu liko Barabara ya Mombasa, Nairobi, ambako ukumbi wa barafu ulifunguliwa mwaka wa 2005 katika hoteli ya Panari. Humo ndimo ilimokulia timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Kenya Ice Lions. Mwaka wa 2018 wachezaji wake walialikwa Kanada, wakacheza bega kwa bega na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka wa 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IIHF.

Wengi wa wachezaji hao walianzia kwenye lami, kwa viatu vya magurudumu, na kwa muda mrefu vifaa vyao vilikuwa vya kupewa au vya mitumba. Hapo ndipo taabu ya miguu inapoanzia. Kiatu cha kupewa kimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, na anayekipokea huona haya kusema hakimtoshi. Anavaa soksi mbili, anakaza kamba, anaingia barafuni.

Kwa nini kibane

Chuma cha kiatu cha barafu kina upana wa milimita 3 hivi, na juu yake mtu husimamisha uzito wake wote. Mguu ukiwa na nafasi ya kucheza ndani ya kiatu, kila anapotaka kugeuka lazima kwanza mguu usogee humo ndani, ndipo chuma kitii. Kifundo hulalia upande wa ndani, magoti yanakaribiana, na anayejifunza husema vifundo vyake ni dhaifu. Mara nyingi vifundo havina kosa lolote. Mpe kiatu cha saizi yake uone atakavyosimama.

Anayevaa kiatu kikubwa hukaza kamba kupita kiasi ili kukizuia. Damu haipiti vizuri, vidole vinakufa ganzi, na wayo unauma kwa sababu vidole vinajikunja kujaribu kushika soli. Kisigino nacho kinapanda na kushuka, kinafanya malengelenge, na kikisuguliwa kwa miezi mingi huota kinundu kigumu nyuma ya mfupa. Kinundu hicho hakiondoki kwa kupakwa mafuta.

Kwa hivyo usishangae muuzaji anayejua kazi yake akikupa saizi iliyo chini ya ile ya viatu vyako vya kawaida kwa moja, au hata moja na nusu. Hakudanganyi. Mwombe apime miguu yote miwili ukiwa umesimama, kwa kuwa mguu hutanuka ukibeba uzito, na ni watu wachache wenye miguu iliyolingana kabisa. Kiatu hufuata ule mkubwa.

Ukikijaribu, vaa soksi moja nyembamba, legeza kamba zote hadi chini na usukume mguu mbele mpaka vidole viguse. Nafasi inayobaki nyuma ya kisigino isizidi unene wa kalamu kwa mtu mzima. Mtoto anayekua anaweza kuachiwa nafasi ya kidole kimoja, basi, isizidi hapo. Kisha gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu ili mguu urudi nyuma, funga kamba, usimame. Vidole viguse ncha ya kiatu kidogo tu. Unapopiga magoti kidogo kama mchezaji, vidole virudi nyuma na kisigino kibaki pale pale. Kisigino kikipanda, acha kiatu hicho hata kama bei yake ni nafuu.

Kuna jaribio jingine ambalo wengi hawalijui. Kabla ya kufunga kamba, laza kalamu juu ya matundu ya kamba, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kalamu ikigusa mguu, kiatu hicho hakina kina cha kutosha kwako, na kamba zitakuja kukandamiza kano zinazopita mbele ya kifundo. Maumivu ya hapo huwa makali kiasi cha kumfanya mchezaji ashindwe kukunja mguu.

Upana nao ni muhimu kama urefu. Kampuni kubwa kama Bauer na CCM hutengeneza kila saizi kwa maumbo matatu, kutoka jembamba hadi pana. Aliyekulia akitembea pekupeku mara nyingi ana mguu mpana sehemu ya vidole, na akichukua kiatu chembamba eti kwa sababu namba ni yake, atajuta. Dalili ni ganzi kwenye kidole kidogo na maumivu kando ya kidole gumba.

Kiatu kinaweza kufinyangwa

Viatu vingi vya siku hizi hutengenezwa ili viweze kutiwa joto na kuchukua umbo la mguu. Dukani huwekwa katika oveni maalumu, kwa kawaida kwenye joto la nyuzi 80 hivi na kwa dakika chache tu, kila aina kwa kipimo cha mtengenezaji wake. Mteja huvaa kiatu kikiwa na joto, hufunga kamba kwa kiasi akizivuta kuelekea juu wala si upande, kisha huketi dakika 10 hadi 15. Asisimame wala asitembee, kwa kuwa kiatu laini kikibeba uzito huharibika umbo. Baada ya hapo kinaachwa siku nzima kabla ya kuingia barafuni.

Wapo wanaojaribu kazi hii kwa oveni ya jikoni. Oveni nyingi za nyumbani hupanda joto na kushuka bila mpango, na gundi ikiyeyuka soli hubanduka. Vilevile si kila kiatu huvumilia joto, hasa vya zamani na vya bei ya chini. Kama hujui kiatu chako ni cha aina gani, usikitie motoni.

Palipo na mfupa uliojitokeza, fundi anaweza kupasha joto sehemu hiyo peke yake na kuisukuma nje kwa kifaa cha kubana. Kazi hii hufaulu kwa kinundu kimoja au viwili. Kiatu kilicho kifupi hakiwezi kurefushwa. Kama ni kano za mbele zinazouma, ruka matundu mawili ya kamba mahali panapouma, au weka kipande cha sponji chini ya ulimi wa kiatu. Ulimi wenyewe ukichakaa, fundi wa viatu wa mtaani anaweza kuushona upya.

Chuma kisipelekwe kwa mnoa visu. Kiatu cha barafu hakina makali mamoja kama kisu. Kina kingo mbili, na kati yake mfereji mdogo unaochongwa kwa mashine maalumu. Jiwe la kunolea visu hulisawazisha bonde hilo, na mchezaji hubaki bila cha kushikia barafu. Mfereji ukiwa na kina, chuma huuma zaidi. Ukiwa na kina kidogo, huteleza zaidi. Mtu mzito, au anayecheza juu ya barafu laini, hufaidika na mfereji usio na kina kirefu.

Mwenye kisukari afikiri mara mbili. Ugonjwa huo huweza kuua hisia za miguu, na lengelenge ambalo mwingine angelisikia mapema, yeye hulivua soksi akalikuta ni kidonda. Azungumze na daktari wake kwanza, na akague nyayo kila anapotoka uwanjani.

Kichwa na shingo

Kwa vifaa vingine kanuni ni ile ile ya kutoshana. Mkinga ugoko ufike kutoka katikati ya kofia ya goti hadi juu ya kiatu, bila kuacha ngozi wazi. Kofia ngumu ikae sawa, upana wa kidole kimoja juu ya nyusi, na isizunguke unapotikisa kichwa. Bill Masterton alikufa Januari 1968 baada ya kuanguka na kugonga kichwa barafuni bila kofia, na bado ligi ya NHL haikuwalazimisha wachezaji wapya kuivaa hadi 1979. Hata hivyo kofia huzuia fuvu kupasuka kuliko inavyozuia ubongo kutikisika. Mchezaji aliyegongwa kisha akaumwa na kichwa, akachanganyikiwa au kutapika, atolewe uwanjani siku hiyo hiyo na aonwe na daktari.

Unaponunua kofia ya mtumba, tafuta kibandiko cha ukaguzi. Chenye alama ya HECC, shirika la ukaguzi la Marekani, huonyesha tarehe ya mwisho, kwa kuwa kibali chake hudumu miaka sita na nusu tu tangu kofia itengenezwe. Iliyopasuka ni ya kutupwa.

Shingo ndiyo iliyosahauliwa zaidi. Mwaka wa 1989 kipa Clint Malarchuk alikatwa shingo na chuma cha kiatu huko Buffalo, Marekani, akaponea chupuchupu. Oktoba 2023 Adam Johnson, akichezea timu ya Nottingham, alikatwa vivyo hivyo mjini Sheffield, Uingereza, akafariki. Baada ya hapo IIHF iliufanya mkinga shingo kuwa lazima katika mashindano yake. Ni kitambaa kigumu kisichokatika kwa urahisi, na katika mkoba wa mchezaji ni mojawapo ya vitu vya bei ya chini.

Nyumbani, usiache vifaa ndani ya mkoba uliofungwa. Vianike mahali penye upepo, toa soli za ndani zikauke, na ufute chuma kwa kitambaa kikavu kisishike kutu. Kiatu chenye unyevu ni makao ya ukungu unaokula ngozi katikati ya vidole, na hupita kwa urahisi kwa ndugu anayeazimwa. Ukimwona mtoto ana kucha nyeusi baada ya wiki mbili za mazoezi, usikimbilie dawa kwanza. Mvalishe kiatu chake, gonga kisigino chake sakafuni, na uone vidole vinafika wapi.